Anwani ya Akiba

Hebu mwone anavyoingia. Ni Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, kwenye mlango wa pembeni wa hospitali, ule wa wafanyakazi, ambao kitasa chake kimelegea na hakigeuki mpaka ukinyanyue kidogo. Anayekinyanyua ni mtu wa miaka hamsini na ushee, mrefu, mgongo umepinda kwa kuinamia meza maisha yote. Begani ana mkoba wa turubai uliotuna kwa waya. Miwani yake ilivunjika mkono mmoja zamani, akaushika kwa uzi wa shaba, na ule uzi umedumu kuliko miwani yenyewe. Anaingia, anapiga hatua tatu, kisha anarudi kuhakikisha mlango umefunga.

Ndivyo alivyo. Karakanani kwao wanamwita Taratibu, kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni. Ukimharakisha, taratibu. Ukimpa chai ya moto, taratibu. Mkewe anasema hata siku ya kuposa alilisema, na wazee wakadhani ameghairi.

Alikuwa amekuja kwa kazi ya nusu saa. Hospitali ilitaka karatasi moja tu: fundi aliyetengeneza kisanduku cha friji la dawa akikague, aandike kwamba ni kizima, atie sahihi. Karatasi hiyo ingesomwa Alhamisi kwenye kikao mbele ya mganga mkuu. Na kikao chenyewe kilikuwa cha kumjadili mtu mmoja, mtunza stoo ya dawa, mwanamke ambaye hospitali nzima inamwita Mama Dawa.

Kisanduku kilikuwa cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Waya mmoja unaingia ndani ya friji kupima ubaridi, mwingine unakwenda kwenye mtandao wa hospitali. Kila dakika kinapeleka taarifa kwenye kompyuta ya ofisini: nyuzi nne, nyuzi tano, nne na nusu. Dawa zile hazitaki kushuka chini ya nyuzi mbili wala kupanda juu ya nane. Dakika isiyoleta taarifa inaitwa pengo, na kwa miezi mitatu mapengo yalikuwa yamezidi.

Jambo lililomtia Mama Dawa matatani ni saa za mapengo hayo. Usiku hakuna hata moja. Jumapili hakuna. Saa saba mchana, anapofunga stoo kwenda kula, hakuna. Akirudi saa nane tu, yanaanza tena. Ofisini wakajumlisha wakapata jibu lao: mwanamke huyu anachomoa waya. Wengine walisema anachomeka birika. Wengine walisema anaacha friji wazi na hataki ijulikane. Alipewa barua ya onyo, na Alhamisi wangeamua kama atabaki na ufunguo wa stoo au ataondolewa.

Mlango wa stoo ulikuwa wa vipande viwili. Cha juu kilikuwa wazi, cha chini kimefungwa kwa komeo. Taratibu akasimama mbele yake.

"Hodi."

"Hodi ya nani? Dirisha la wagonjwa liko upande wa pili."

"Mimi ni fundi wa kisanduku, mama."

"Ahaa. Ndiye wewe." Alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. Alikuwa na kalamu kichwani, imechomekwa kwenye nywele, na mikono ya koti jeupe imekunjwa mpaka kwenye viwiko. "Nilidhani utakuja na pingu."

"Nina bisibisi tu."

"Afadhali. Bisibisi naijua."

Akafyatua komeo, akafungua kipande cha chini kidogo, hata nusu hakikufika, na Taratibu akapita ubavu ubavu kama kaa, mkoba ukikwaruza ubao. Alikichomoa kisanduku, akakiunga na kompyuta yake ndogo. "Haya, sema," alikiambia, maana huongea na vyombo kama watu wanavyoongea na mbuzi. Kisanduku kikasema. Nyuzi nne. Nyuzi nne. Nne na nusu. Akangoja dakika kumi na tano, hakikukosa hata moja.

"Ni kizima," alisema.

"Najua utasema ni kizima. Hospitali hii kila kitu ni kizima, kibovu ni mimi." Alikuwa anapanga vichupa, hakugeuka. "Miaka kumi na tisa nalifunga friji hili kwa mkono huu. Sijachomoa waya, hata wa kuchajia simu."

"Mimi sikusema umechomoa, mama."

"Hukusema. Karatasi yako ndiyo itakayosema."

Taratibu alikuwa ameshatoa kalamu. Akaiangalia ile karatasi. Kulikuwa na mstari mmoja wa kuandika na mstari mmoja wa sahihi. Alikuwa hajafikiria kwamba neno "kizima", neno ambalo fundi yeyote analitafuta, lingeweza kumfukuzisha mtu kazi. Akairudisha kalamu mfukoni, akakichomeka kisanduku tena mahali pake.

"Taratibu," alisema. "Nusu saa haijaisha."

Waya zote za mtandao za jengo lile zilikutana kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, kati ya mifagio na ndoo. Ukutani palikuwa na sanduku bapa lenye matundu kumi na sita na taa zinazopepesa. Kazi yake ni kugawa: mashine moja ikisema, sanduku linajua jibu lirudi kwenye tundu gani. Linajua kwa sababu kila kadi ya mtandao iliyomo ndani ya mashine ina anwani yake, tarakimu na herufi kumi na mbili zilizochomwa kiwandani ndani ya chipu ndogo, na haifai kadi mbili zilingane. Sanduku linakariri tu: anwani hii iko tundu la tatu, ile tundu la saba.

Taratibu akakalia ndoo iliyofunikwa, akafungua orodha ya anwani kwenye kompyuta yake. Huzisoma kama watu wa barabarani wanavyosoma namba za magari. Hii ya mashine ya kuchapa. Hii ya kompyuta ya mapokezi. Akateremka polepole kwa kidole. Kisha kidole kikasimama.

02-00-17-09-20-04. Tundu la nne.

Akaisoma tena. Tarehe kumi na saba, mwezi wa tisa, mwaka elfu mbili na nne. Siku aliyozaliwa binti yake.

Akaifungua orodha upya. Anwani ilikuwa ile ile, lakini sasa ilikuwa tundu la kumi na moja. Akafungua tena. Tundu la nne. Mara ya nne, kumi na moja. Binti yake alikuwa anaruka kutoka tundu hadi tundu ndani ya ukuta wa hospitali, na yeye alikuwa amekaa juu ya ndoo akimtazama.

Sasa tumwache hapo kidogo turudi nyuma. Taratibu hakusomea kompyuta popote. Alianza kwa kutengeneza redio barazani kwa mama yake, kisha televisheni, kisha chochote chenye lehemu. Alikuwa amefika miaka arobaini wakati shemeji yake, kaka wa mkewe, alipofungua karakana ya kutengeneza vipimo vya joto na kumwambia, "Njoo, mikono unayo." Kuandika programu alijifunza kwa kusoma rundo la karatasi alizochapisha, mstari kwa mstari, na daftari gumu la jalada jeusi pembeni. Programu ndogo inayoiendesha kadi ya mtandao, wenyewe huiita dereva, aliiandika yeye peke yake kwa miezi miwili. Ndiyo fahari yake. Humsikii akiisema, lakini anayo.

Dereva akiamka, jambo la kwanza anaiuliza kadi: anwani yako ipi? Kadi inasoma kwenye chipu yake, inajibu. Lakini siku ile anaandika, kadi pekee iliyokuwa mezani chipu yake ilikuwa tupu, na bila anwani kadi haifanyi kazi. Basi akampa dereva anwani ya akiba, ya kutumia akikuta patupu. Mwanzoni aliweka 02, alama ya kuonyesha kwamba anwani hii ni ya kujipa, si ya kiwandani, maana hilo alilijua. Baada ya hapo aliandika tarakimu za kwanza zilizomjia. Zilikuwa za mtoto. Kwenye daftari akaandika: "Anwani ya akiba ni ya muda tu. Badilisha kabla ya kufunga."

Hakubadilisha. Hakukuwa na msiba wala ugonjwa wa kusingizia. Alisahau, basi.

Kwa miaka haikudhuru, kwa sababu kadi zilizonunuliwa zilikuja na anwani zake na dereva hakuihitaji ya akiba. Halafu shemeji akapata kadi kwa muuzaji mwingine, na hakuna aliyezikagua chipu. Zote zilikuwa tupu. Kila kisanduku kilichotoka tangu hapo kilijiita kwa siku ya kuzaliwa ya binti wa Taratibu. Na hata hivyo vilifanya kazi, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa kwenye jengo lake, peke yake.

Akaufuata waya wa tundu la kumi na moja. Ulipanda darini, ukavuka korido, ukateremkia maabara.

Mtu wa maabara alikuwa mnene, mchangamfu, na jina lake la utani ni Bwana Zima, utaona sababu.

"Fundi! Karibu, lakini futa miguu. Chumba hiki kinang'aa kuliko sahani yako ya nyumbani."

Juu ya rafu palikuwa na kisanduku cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Hiki kimefungwa lini?"

"Mwezi wa tatu sasa, walipovuta waya. Kinapima joto la chumba. Mimi sikiangalii wala chenyewe hakiniangalii, tunaheshimiana."

"Na kinakuwa kimewashwa muda wote?"

"Hapa hakuna kinachowashwa muda wote, bwana mkubwa." Akanyoosha kidole kwenye swichi kubwa ya ukutani. "Ile moja tu. Asubuhi nawasha. Saa saba nazima nakwenda kula, saa nane nawasha, saa tisa na nusu nazima naenda zangu. Chumba hiki hakijawahi kuungua hata balbu."

"Na Jumapili?"

"Jumapili mimi niko kwangu na swichi iko kwake."

Taratibu akashukuru, akaenda ofisini, akaomba kuchapishiwa taarifa za visanduku vyote viwili kwa wiki moja. Akaziweka meza moja, karatasi kwa karatasi. Palipokuwa na pengo la friji, maabara ilikuwa inasema. Palipokuwa na pengo la maabara, friji lilikuwa linasema. Zilishikana kama meno ya zipu. Sanduku la kugawa lilikuwa linarudisha majibu kwa aliyesema mwisho, na mwenzake alibaki anaita bila kuitikiwa, na asiyeitikiwa hawezi kupeleka taarifa. Mapengo ya maabara hakuna aliyewahi kuyatazama. Hakuna mgonjwa anayekufa kwa joto la chumba.

Alasiri hiyo alimweleza shemeji yake, wamesimama karakanani kati ya meza mbili, harufu ya lehemu hewani.

"Basi rahisi," shemeji alisema. Alikuwa mtu mfupi, mwepesi, mwenye kuzungumza huku anafanya jambo jingine. "Leo hii unabadilisha namba, visanduku viwili, dakika kumi. Kesho mapengo hakuna. Wewe unaandika ni kizima, na kweli ni kizima. Nani atauliza?"

"Yakiisha kesho, shemeji, Alhamisi watasema nini?"

"Watafurahi."

"Watasema alipopata barua akaogopa, akaacha."

Shemeji aliweka chini bisibisi aliyokuwa anaizungusha. Pasi ya kuchomelea ilianza kutoa moshi kwenye sponji, akaizima.

"Kuna hospitali nyingine tatu zina visanduku vyetu," alisema mwishowe.

"Navyo vina anwani hiyo hiyo. Siku wakiongeza cha pili, yatatokea haya haya."

"Unajua unaniweka wapi, shemeji?"

"Ninajiweka mimi. Mstari ule niliuandika mimi."

"Uliuandika wewe, lakini jina lililobandikwa juu ya kisanduku ni la karakana." Akavuta kiti, akaketi vibaya, ubavu. "Andika barua yako. Nitaisoma kabla hujaipeleka. Sifuti kitu, nasoma tu, nijue nitakachosikia."

Nyumbani, binti mwenyewe alikuwa anapiga pasi nguo kabla ya chakula. Alisikiliza hadithi yote, pasi imesimama wima.

"Kwa hiyo baba, mimi ndiye niliyemtia mama wa watu matatani?"

"Si wewe. Ni mimi."

"Lakini anayerukaruka ukutani ni mimi." Akacheka, kisha akaona baba yake hacheki. "Unaogopa?"

"Taratibu," alisema baba yake. Binti akajua maana yake ni ndiyo.

Alhamisi walikuwa watu watano mezani: mganga mkuu, katibu wa hospitali, muuguzi mkuu, Mama Dawa na yeye. Mganga mkuu alikuwa mtu wa kusoma saa kila dakika.

"Fundi, tusikupotezee muda. Kisanduku ni kizima au kibovu?"

"Kisanduku ni kizima, mheshimiwa. Kosa ni langu."

Katibu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Mama Dawa hakuinua.

Taratibu akaiweka barua yake mezani, akaeleza. Alikuwa ameandaa maneno marefu lakini yalimkimbia, akabaki na haya: vyumba viwili vina visanduku viwili, nami nimevipa anwani moja, siku ya kuzaliwa binti yangu, kwa hiyo kimoja kikijibiwa kingine hakijibiwi. Wakatazamana. Katibu akasema kwamba hayo ni maneno ya mtandao, yeye hayajui, na huenda ni ya kumwokoa mtu.

"Basi tuone," alisema Taratibu. "Visanduku sijavirekebisha. Viko kama vilivyokuwa."

Hapo ndipo Mama Dawa alipotoa ufunguo wa stoo mfukoni mwa koti na kuuweka katikati ya meza. "Stoo imefungwa," alisema. "Na mikono yangu hii hapa." Akaiweka mezani pia, viganja chini, kalamu bado ikiwa kichwani.

Kwenye skrini ya katibu mstari wa friji ulikuwa umekatika, kama kawaida ya saa nne asubuhi. Taratibu akapiga simu maabara, akaweka sauti ya nje.

"Zima swichi, ndugu yangu."

"Sasa hivi?" sauti ya Bwana Zima ikajaa chumba. "Saa saba bado!"

"Zima tu."

"Haya. Lakini ujue umenivunjia ratiba."

Ikapita dakika. Mganga mkuu akasahau kutazama saa yake. Kisha nukta ikaingia kwenye mstari wa friji: nyuzi nne na nusu. Ya pili. Ya tatu. Zikapita tano, hakuna iliyokosa.

"Washa," alisema Taratibu kwenye simu.

Mstari ukakatika. Ufunguo ulikuwa palepale mezani.

Waliyafanya hayo mara tatu, katibu ndiye aliyeomba ya tatu. Kisha mganga mkuu akasema barua ya onyo imefutwa na itatolewa kwenye faili, na karakana ilete visanduku vilivyorekebishwa, na kwamba anasikitika. Akauliza kama mhusika ana neno.

"Miezi mitatu," alisema Mama Dawa, "nimekula chakula cha mchana peke yangu."

Muuguzi mkuu akaanza kukunja karatasi yake, akaikunja mpaka ikawa ndogo sana. Mama Dawa akachukua ufunguo, akasimama. Alipopita nyuma ya kiti cha Taratibu alipunguza mwendo, kama anayetaka kusema kitu, kisha akaendelea mpaka mlangoni.

Ijumaa Taratibu akamwandika dereva upya. Sasa akikuta chipu tupu anapiga kura, anajitungia anwani ambayo haielekei kulingana na ya mwingine, anaacha ile alama ya kuonyesha ni ya kujipa, kisha anaihifadhi, ili kesho akiamka awe yule yule wa jana. Shemeji alipiga simu hospitali zote tatu mwenyewe, moja moja, na moja kati yao ikasema haitaki tena kazi yao. Alirudi kutoka kwenye simu hiyo akaweka kikombe cha chai mbele ya Taratibu. Kwenye daftari jeusi, Taratibu alipiga mstari mmoja juu ya tarehe ya binti yake, mwembamba, ili bado isomeke.

Jumatatu akarudi hospitali. Akanyanyua kitasa, akageuza, akaingia, akarudi kuhakikisha mlango umefunga. Kwenye stoo kipande cha juu kilikuwa wazi, cha chini kina komeo.

"Hodi."

Mama Dawa alimtazama kuanzia viatu.

"Ndiye wewe."

"Nimeleta dereva mpya. Dakika kumi tu, mama."

Akasogea, akaweka mkono juu ya komeo, akauacha hapo.

"Nikuulize, fundi. Ungekuwa umeandika namba nyingine yoyote, isiyokuwa ya mwanao, siku ile ungeiona?"

Taratibu alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, mkoba ukimvuta bega. Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa na jibu la ndiyo, lenye maelezo ya matundu na orodha, na huenda lilikuwa la kweli.

"Sijui, mama," alisema.

Mama Dawa hakuondoa mkono kwenye komeo. Nyuma yake friji lilikuwa linanguruma polepole, na kisanduku cheupe kilikuwa kinangoja. Mlango ule ungekuwa wako, wewe ungeufungua kiasi gani?